Nimealikwa kutembea Austria na wapenzi wa muziki: goti langu na mfuko wangu vitaweza?

*"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, nina miaka 54, na nimeimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia yetu kwa miaka 26. Rafiki yangu, mtawa Mjerumani aliyewahi kufundisha huku, amenialika tujiunge na kundi la watu wa nchi mbalimbali watakaotembea kwa miguu Austria siku nane mwezi wa Agosti: mchana milimani, jioni kusikiliza muziki wa Mozart na wenzake. Kampuni ya Ujerumani inayoandaa imeandika kilomita 12 hadi 16 kwa siku, 'kiwango cha wastani'. Bei ni euro 2,300 bila ndege, na euro 340 zaidi ukitaka chumba cha peke yako. Wanataka asilimia 20 kufikia mwisho wa Machi hii. Kutembea si shida, kila siku natoka Kondele hadi shuleni kwa miguu na kurudi. Ila goti la kulia hulia ngazini, nameza dawa ya presha, na pasipoti yangu imekwisha muda. Mume wangu anasema ni utapeli. Binti yangu anasema nitakuwa Mwafrika peke yangu katikati ya wasomi wa muziki. Nimeanza kuulizia mkopo wa sako nikate tikiti ya ndege mapema kabla haijapanda bei. Nifanye nini? Na kwenye tamasha naweza kuvaa kitenge?"*

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umeuliza mambo mengi, lakini naona hofu moja iliyojificha nyuma yake yote: kwamba utalipa pesa za jasho lako, ufike huko, halafu uwe mzigo wa kusubiriwa na wenzako. Hofu hiyo naijua. Nimeongoza watu kwa miguu kutoka msitu wa Kakamega hadi Mlima Elgon kwa miaka ishirini na kitu, na mara mbili mimi mwenyewe nimekuwa mgeni kwenye kundi kama hilo huko Austria. Mara ya kwanza mzigo nilikuwa mimi.

Tuanze na kilomita, kwa sababu ndizo zimekudanganya. Njia yako ya Kondele ni tambarare, na kilomita ya tambarare na ya mlimani si ndugu. Waongozaji wa Milima ya Alps wana hesabu yao ya zamani: saa moja kwa kila kilomita 4 za ardhi, saa moja kwa kila mita 300 za kupanda, saa moja kwa kila mita 500 za kushuka. Wanajumlisha saa za kupanda na kushuka, wanalinganisha na saa za kilomita, wanachukua iliyo kubwa na kuongeza nusu ya ndogo. Chukua kilomita 12 zako. Zikiwa bapa ni saa tatu. Zikiwa na mita 600 za kupanda na 600 za kushuka, kilima kinakula saa 3.2, unaongeza nusu ya zile tatu, unapata karibu saa tano za mguu mtupu, bila kunywa maji, bila kupiga picha. Umbali ni ule ule, siku ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo neno "wastani" halikuambii kitu. Wastani wa nani? Mjerumani aliyekulia chini ya mlima na mimi niliyekulia Mumias kwenye miwa hatuna wastani mmoja. Waandikie leo uwaombe mita za kupanda na mita za kushuka kwa kila siku ya safari. Kampuni inayojua kazi yake inazo tayari na itakujibu kesho. Wakikuzungusha kwa maneno matamu kuhusu mandhari, hilo nalo ni jibu. Uliza pia kama kuna siku ambayo mtu anaweza kupanda basi au boti badala ya kutembea. Nchi ya maziwa iliyo mashariki mwa Salzburg, ambako safari nyingi za namna hii hupita, inaruhusu sana jambo hilo. Ukitoka St. Gilgen, kijiji alikozaliwa mama yake Mozart mwaka 1720, waweza kwenda St. Wolfgang kwa njia ya mahujaji inayopita mlima wa Falkenstein, au ukae kwenye boti ukawasubiri wenzako ng'ambo na kikombe cha kahawa. Hakuna atakayekucheka.

Sasa goti. Watu wengi hudhani kupanda ndiko kunakoumiza. Kupanda kunachosha pumzi, na kwenye pumzi mwimbaji wa miaka 26 ana akiba kuliko anavyodhani. Kinachoumiza goti ni kushuka. Unaposhuka, msuli mkubwa wa mbele ya paja unafanya kazi huku ukivutwa kurefuka, kama mtu anayeteremsha ndoo nzito kisimani: kamba inashuka polepole lakini mikono imekaza muda wote. Kazi ya namna hiyo huchanachana nyuzi ndogondogo za msuli. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Yanakuja kesho yake na kesho kutwa, wakati kundi liko siku ya tatu na wewe umekwama kitandani. Na msuli ukichoka unaacha kulizuia goti vizuri, mzigo unaukandamiza mfupa mdogo wa mbele ya goti, ule ule unaolia ukiwa ngazini.

Nilijifunza hili kwa kiburi. Kuna mlima unaitwa Schafberg, mita 1,783, na una treni ya meno, yaani yenye gurudumu la meno linaloshika reli kwenye mwinuko, iliyoanza kupanda huko mwaka 1893. Kundi letu lilipanda kwa treni na kurudi kwa treni. Mimi, mtu wa Elgon, nikasema nitashuka kwa miguu, ni mita elfu moja na mia mbili tu na njia inaonekana. Nikafika chini nikiimba. Asubuhi ya pili nilishuka ngazi za hoteli kinyumenyume, nimeshika mbao kwa mikono miwili, na bibi mmoja Mholanzi wa miaka 71 akinibebea mkoba. Jioni watu walisimama kuwapigia makofi wapigaji fidla. Mimi nilipiga nimeketi.

Habari njema ni kwamba msuli una kumbukumbu. Ukiuonjesha mteremko leo, ukauacha upone, mteremko wa pili hautauumiza vile, na kinga hiyo hukaa majuma kadhaa. Kwa hiyo mazoezi yako yasiwe kuongeza kilomita za Kondele. Yawe vilima. Vile vya Riat unavyoviona ukitazama kaskazini vinakutosha: Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kabla jua la Kisumu halijawa na hasira, panda matatu ikufikishe juu, shuka kwa miguu polepole, hatua fupi, goti limekunjwa kidogo. Ndiyo, nimesema panda gari kwenda juu. Wiki za kwanza tunafundisha kushuka. Anza na nusu saa, baadaye upande pia kwa miguu. Nyumbani, simama kwenye kidato cha ngazi kwa mguu mmoja, teremsha kisigino cha mguu wa pili kikaribie sakafu huku ukihesabu hadi tatu, urudi juu. Mara kumi kila mguu, siku tatu kwa wiki. Zoea pia fimbo mbili za kutembelea. Huku fimbo tunamwachia mzee, kule hata vijana wanazo, kwa sababu mikono inachukua sehemu ya uzito ambao goti lingebeba peke yake. Kabla ya Julai njoo msitu wa Kakamega, upande kilima cha Lirhanda na kushuka siku mbili mfululizo. Siku ya pili ndiyo mtihani.

Lakini kabla ya hayo yote, goti hilo lionwe na daktari au mtaalamu wa viungo, ana kwa ana. Mimi ni mwongozaji, siwezi kulipima kwa barua. Goti linalolia tu ngazini mara nyingi linanyooka kwa mazoezi. Goti linalovimba, linalojifunga ghafla likakataa kukunjuka, au linalokuangusha, hilo usilipeleke hata Riat. Mwambie pia daktari dawa ya presha unayotumia na kwamba utatembea saa tano kwa siku, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hutoa maji mwilini. Na tafadhali usijitibu kwa vidonge vya maumivu vya duka la dawa. Diclofenac na ibuprofen zinaweza kupandisha presha na kugombana na dawa zako. Ukihisi kifua kinabana unapopanda kilima, simama hapo hapo, uende hospitali siku hiyo, habari za safari zitangoja.

Nikuambie na siri ya kundi, kwa sababu ndiyo inayovunja watu wazima wenye afya. Kundi lina mwongozaji mbele na mwingine nyuma. Wenye kasi wanafika kwenye benchi, wanakaa dakika kumi, wanakunywa maji. Wewe wa mwisho unafika, wao wanasimama: "Haya, twende!" Kwa hiyo wenye nguvu wanapumzika na mchovu hapumziki hata mara moja. Ikifika alasiri amekwisha, na anadhani ni uzee. Dawa yake ni rahisi. Kila asubuhi anza mara tu nyuma ya mwongozaji wa mbele. Mlima ukianza, acha watu wakupite mmoja mmoja. Utakapofika nyuma, kilima kimekwisha, na bado uko na kundi. Mwambie mwongozaji siku ya kwanza kwamba una goti. Tunapenda kuambiwa. Tunachochukia ni kugundua.

Mume wako usimgombeze. Utapeli wa safari upo, na mtu aliyewahi kusimama uwanja wa ndege na tikiti isiyokuwepo hasahau. Ila hili linapimika. Kwa sheria ya Ulaya, kampuni inayouza safari iliyofungashwa pamoja, yaani malazi, waongozaji na tamasha kwa bei moja, lazima iwe na dhamana ya kukurudishia pesa ikifilisika. Huko Ujerumani kampuni hairuhusiwi kupokea malipo yako kabla haijakukabidhi cheti cha dhamana hiyo chenye jina la mdhamini. Waombe cheti, kisha umwandikie mdhamini mwenyewe kwa anwani uliyoitafuta wewe, uulize kama anaijua kampuni hiyo. Asilimia 20 ya kutangulia ni jambo la kawaida huko. Lakini wakikuambia utume kwa M-Pesa ya mtu fulani aliye Nairobi, mume wako yuko sahihi, na umwambie hivyo.

Pesa ndiyo sehemu inayonitia wasiwasi zaidi kuliko goti. Tikiti ya ndege usikate sasa. Kwanza, huna viza. Wakati wa kuomba wanataka kuona nafasi uliyowekewa na ratiba, na kununua tikiti isiyorudishwa kabla ya viza ni kucheza kamari. Pili, safari inayozidi siku sita yaweza kufutwa na kampuni hadi siku 20 kabla ya kuanza kwa sababu watu hawakutimia. Utarudishiwa pesa za safari, tikiti uliyojinunulia itabaki yako.

Viza hiyo kampuni haikutafutii, ingawa wengi hudhani hivyo. Barua yao inathibitisha tu kwamba unatarajiwa. Afisa wa viza ana swali moja kichwani: huyu atarudi? Unamjibu kwa barua ya mwajiri inayosema umeruhusiwa likizo na utakuwa darasani muhula wa tatu, kwa hati za mshahara, na kwa taarifa ya benki ya miezi iliyopita. Hapa ndipo mkopo wako wa sako unapogeuka adui. Akaunti iliyokuwa na shilingi elfu arobaini tangu Januari, halafu laki nne zikatua wiki moja kabla ya ombi, inazua maswali kuliko akaunti ndogo inayojaa polepole. Na mimi kwa maoni yangu sikopi kwa ajili ya matembezi. Kama unahitaji mkopo ndipo uende Agosti hii, nenda Agosti ijayo.

Ratiba yenyewe inabana lakini haijavunjika. Pasipoti ya kurasa 34 ni shilingi 7,500 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ofisi ya Uhamiaji iko hapo hapo Kisumu, kwa hiyo anza wiki hii. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisipungue siku 15 kabla. Wewe lenga Mei. Ada ni euro 90, haitoki tena mfukoni mwao ukinyimwa. Utaenda Nairobi mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Unaomba kwa Austria kwa kuwa ndiko utakakokaa, hata kama ndege itatua Munich, Ujerumani. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000, lakini soma maandishi madogo: bima nyingi za bei nafuu zinazonunuliwa ili kutimiza karatasi za viza hazigusi kutembea milimani. Austria, helikopta ikikuokoa mlimani kwa ajili ya goti na huna bima yake, bili inakuja kwako.

Basi ushauri wangu ni huu. Iandikie kampuni uombe kwa maandishi kwamba viza ikikataliwa, ile asilimia 20 inarudi yote au inahamia mwaka ujao. Wakikubali, na mita zao za kushuka zisizidi 500 kwa siku nyingi, lipa na uanze Riat. Wakikataa, usilipe. Ukiwa umeshalipa na viza ikagoma, bado ile sheria ya Ulaya inakuruhusu kumpa mtu mwingine nafasi yako mradi uwaarifu siku saba kabla, ukigharamia tofauti itakayotokea. Huyo mtawa huenda anamjua wa kuichukua. Kusubiri mwaka ujao nako si kushindwa: utakuwa na pasipoti mkononi, akaunti iliyonyooka, na goti lenye mwaka mzima wa mazoezi. Hasara ni kwamba rafiki yako huenda asiende tena. Hilo wewe ndiye unayejua uzito wake, na kwangu lingekuwa na uzito mkubwa.

Chumba, lala na mwenzako. Mna uzoefu wa mafungo na mikesha, euro 340 zitakununulia buti.

Kuhusu wasomi wa muziki, mwambie binti yako hivi. Katika kundi langu la pili tulikuwa kumi na wanne, na aliyeweza kusoma noti alikuwa mmoja. Waliobaki walikuwa wapenzi tu, watu wa kuweka sahani ya santuri na kufumba macho. Wewe unasoma sol-fa, umesimama katikati ya sauti nne kila Jumapili, unajua alto inavyoumia pale soprano wanapopanda bila kukungoja. Huenda kwaya yenu mmeshaimba Ave verum corpus. Ni ya Mozart, Juni 1791, karatasi chache tu, vipimo 46 vya muziki. Aliiandika Baden, karibu na Vienna, kwa ajili ya rafiki yake Anton Stoll, na huyo Stoll alikuwa mwalimu wa shule aliyekuwa akiongoza kwaya ya parokia. Na ule Usiku Mtakatifu tunaoimba kila Krismasi hadi watoto wa chekechea? Sauti yake ilitungwa na Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule ya kijiji cha Arnsdorf, ukaimbwa mara ya kwanza kwa gitaa Oberndorf, kaskazini mwa Salzburg, tarehe 24 Desemba 1818. Sasa kati yako na mstaafu wa benki kutoka Hamburg, sijui nani mgeni hapo.

Kuhusu rangi, ndiyo, huenda ukawa peke yako, na kuna watakaokutazama kijijini. Njiani watu husalimiana hata wasipojuana, "Grüß Gott", yaani kama kusema Mungu akusalimu. Ukiitamka wewe wa kwanza, kwa sauti ya mwalimu, macho yanageuka tabasamu. Ndivyo ilivyokuwa kwangu, isipokuwa mara moja dukani, ambayo sikuisahau na haikuniharibia safari.

Tamasha lenyewe lina mambo mawili ya kujua. Kipande kikubwa kina sehemu tatu au nne zenye kimya katikati, na kwenye kimya hicho hawapigi makofi, kwa hiyo ngoja wenyeji waanze. La pili ni usingizi. Umetembea saa tano, umeoga maji moto, umekula, unakaa kwenye kiti laini gizani. Mimi nilikoroma kwenye sehemu ya polepole nikaamshwa kwa kiwiko. Lala dakika thelathini kabla ya chakula cha jioni, hata kama wenzako wanaenda kutembeatembea mjini.

Na kitenge, vaa, kile chako kizuri kuliko vyote, na shali juu yake kwa sababu jioni baada ya mvua huwa baridi hata Agosti. Viatu tu ndivyo uvifikirie: chukua vilivyo wazi mbele, maana kufikia siku ya nne vidole vitakuwa na malengelenge.